Kwa nini fundi hodari hushindwa anapokabidhiwa usimamizi

NI jambo lililozoeleka katika viwanda na karakana nyingi nchini Tanzania. Fundi amefanya kazi miaka kumi na anaijua mitambo kwa sauti yake. Akisikia mlio usio wa kawaida hutambua beringi iliyochoka kabla kifuniko hakijafunguliwa. Siku msimamizi wa karakana anapostaafu, uongozi hauoni sababu ya kutafuta mbali. Fundi huyo anakabidhiwa barua ya kupandishwa cheo, nyongeza ya mshahara, meza, funguo za stoo na mafundi 12 wa kuwaongoza. Wenzake wanampa mkono, pengine na soda zinanunuliwa.

Miezi sita baadaye karakana ile ile inalalamikiwa. Mashine zinasimama muda mrefu kuliko zamani, mafundi wawili wameomba kuhamishiwa kitengo kingine, mmoja ameandikiwa barua ya onyo na mwingine hasemezani na bosi wake ila kwa lazima. Msimamizi mwenyewe hutoka kazini saa tatu usiku akiwa na grisi mpaka viwikoni, akinung'unika kuwa ana watu wengi lakini hana msaada. Uongozi unabaki kujiuliza mtu aliyekuwa hodari kuliko wote amepatwa na nini.

Ukweli ni kwamba hajapatwa na chochote. Amebaki fundi yule yule, ilhali kazi aliyopewa ni nyingine kabisa. Zamani alipimwa kwa kile kilichofanywa na mikono yake. Sasa anapimwa kwa kile kinachofanywa na mikono ya wenzake, na hakuna mtu aliyekaa naye hata saa moja kumweleza jambo hilo.

Angalia kinachotokea mashine inaposimama. Fundi kijana anahangaika kufungua giaboksi, msimamizi anapita, anamtazama kwa dakika tano, uvumilivu unamwishia, anachukua spana na kuimaliza kazi mwenyewe kwa dakika 40. Kijana angetumia saa mbili. Kwa siku ile kiwanda kimefaidika na msimamizi anajiona ameokoa jahazi. Lakini kijana amejifunza jambo moja tu, nalo ni kusimama pembeni. Baada ya nusu mwaka karakana inakuwa na mafundi 12 waliojifunza kusimama pembeni na mmoja asiyepata usingizi.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake wala si jipya. Mwaka 1969 Laurence J. Peter na Raymond Hull walichapisha nchini Marekani kitabu cha kejeli kilichopata umaarufu mkubwa, The Peter Principle, kilichodai kuwa katika ngazi za kazi mtu huendelea kupandishwa kwa kufanya vizuri mpaka afike kwenye nafasi asiyoiweza, na hapo ndipo hubaki. Watu walicheka, kwa kuwa kila mmoja alimkumbuka bosi wake.

Miaka 50 baadaye kejeli hiyo ilipata ushahidi. Mwaka 2019 wachumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mauzo katika kampuni zaidi ya 100 za Marekani. Waliona kuwa aliyeuza zaidi ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufanywa msimamizi, na kwamba baada ya kupandishwa, mauzo ya wale waliowekwa chini yake yalielekea kushuka. Kampuni, kwa maneno mengine, zilikuwa zikipoteza muuzaji mzuri na kujipatia bosi dhaifu kwa barua moja.

Kampuni ya Google nayo ilipita njia hiyo kwa namna yake. Mwaka 2002 ilijaribu kuwaondoa mameneja wa wahandisi wake kabisa, kwa imani kwamba wahandisi hawahitaji kusimamiwa. Jaribio halikudumu hata mwaka, kwa sababu maswali madogo madogo ya matumizi ya fedha na ugomvi wa watu yalianza kumfikia mwanzilishi wa kampuni moja kwa moja. Baadaye, mwaka 2011, kampuni hiyo ilitangaza matokeo ya uchambuzi wa tathmini na maoni ya wafanyakazi wake kuhusu mabosi wao. Kati ya mambo manane yaliyomtofautisha meneja mzuri na mbaya, la kwanza lilikuwa uwezo wa kumfundisha na kumwongoza mfanyakazi kazini. Ujuzi wa kitaalamu wa meneja mwenyewe ulikuwa wa nane. Hiyo haina maana kwamba ujuzi hauhitajiki, kwani msimamizi wa mafundi asiyejua ufundi hudanganywa mchana kweupe. Maana yake ni kwamba ujuzi humfikisha mlangoni tu.

Mafunzo ya saa kumi

Kama usimamizi ni ufundi wa pili, swali linalofuata ni namna unavyofundishwa. Jibu lililo bora zaidi halikutoka kwenye chuo kikuu. Lilitoka kwenye viwanda vya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mwaka 1940 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa mafunzo ndani ya viwanda uliojulikana kwa kifupi TWI. Viwanda vilitakiwa kutengeneza silaha, meli na ndege kwa haraka, huku wanaume wengi wakiingizwa jeshini na nafasi zao kuchukuliwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga kiwanda, wengi wao wanawake. Wasimamizi wa kuwafundisha hawakutosha, na waliokuwapo walikuwa mafundi waliopandishwa jana. Hapakuwa na muda wa kuwapeleka chuoni.

Waanzilishi wa mpango huo waligawa mafunzo katika kozi tatu fupi: namna ya kufundisha kazi, namna ya kuhusiana na watu, na namna ya kuboresha utaratibu wa kazi. Kila kozi ilichukua saa kumi tu, yaani vikao vitano vya saa mbili mbili. Wasimamizi wapatao kumi waliketi pamoja, na kila mmoja alitakiwa kuleta tatizo halisi kutoka kwenye kitengo chake na kulifanyia kazi mbele ya wenzake. Hapakuwa na mihadhara mirefu. Vita ilipomalizika mwaka 1945, watu zaidi ya milioni 1.6 walikuwa wamehitimu katika viwanda zaidi ya 16,000.

Kozi ya kwanza ndiyo inayomhusu moja kwa moja fundi wetu anayenyang'anya spana. Ilimfundisha msimamizi kumtuliza kwanza mwanafunzi na kumuuliza anajua nini tayari, kisha kumwonyesha kazi hatua kwa hatua, na katika kila hatua kutaja ile siri ndogo inayofanya kazi ifaulu au iharibike. Hapo ndipo mafundi wengi wazoefu hukwama, kwa kuwa siri hizo zimeshakuwa mazoea ya mikono yao na hawakumbuki tena kuwa ni siri. Boliti za kifuniko, kwa mfano, hukazwa kwa kupishana, ya upande huu kisha ya upande wa pili, ili kifuniko kikae sawa na gasketi isivuje. Mzoefu hufanya hivyo bila kufikiri. Kijana asiyeambiwa hukaza kwa kuzunguka, mafuta yakavuja, akaitwa mzembe.

Baada ya kuonyeshwa, kijana hufanya mwenyewe huku akieleza kwa mdomo anachofanya na kwa nini. Mwisho huachwa peke yake, akaambiwa amwendee nani akikwama, na msimamizi humpitia mara kwa mara, halafu mara chache zaidi kadiri anavyozoea. Kumwacha kijana peke yake ni hatua fupi kuitaja, lakini ndiyo inayomwuma fundi hodari kuliko zote, maana anatakiwa kusimama na mikono mfukoni huku akitazama kazi ikifanywa polepole na kwa namna isiyo yake.

Baada ya vita mafunzo haya yalivukishwa hadi Japani, iliyokuwa ikijenga upya viwanda vyake, na yalikuwa miongoni mwa mizizi ya mtindo wa uzalishaji ambao Toyota iliukuza na dunia ikaufahamu kwa jina la kaizen. Kutoka huko mbegu hiyo imefika Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 2013 wizara inayohusika na viwanda nchini Tanzania, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo la Japani, JICA, imeendesha mradi wa kueneza kaizen katika viwanda vya ndani. Hospitali zilikuwa zimetangulia. Wauguzi wengi nchini wanazijua zile S tano zilizogeuzwa kwa ustadi mkubwa kuwa Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia.

Tatizo ni kwamba mahali pengi S hizo huishia kuwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Sakafu inafagiliwa siku ya ukaguzi na zana zinachorewa mahali pake, lakini msimamizi anaendelea kunyang'anya spana. Kinachoifanya kaizen ifanye kazi ni imani kwamba mtu wa chini kabisa karakanani ana la kusema kuhusu kazi yake, na kwamba bosi wake atamsikiliza. Imani hiyo haiwezi kubandikwa ukutani.

Kivuli cha nyapara

Kumsikiliza mtu wa chini hakujawa mazoea katika sehemu nyingi za kazi nchini, na sababu zake zina historia. Msimamizi wa kwanza ambaye wafanyakazi wengi wa Tanganyika walimjua alikuwa nyapara wa shamba la mkonge, aliyesimama juu ya manamba na kuhesabu kazi ya siku. Kazi yake haikuwa kufundisha wala kusikiliza. Neno hilo bado linaishi, na mfanyakazi anapomwita bosi wake nyapara hana nia ya kumsifu.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda, mabenki na mashamba makubwa yalipotaifishwa, mabosi walibadilika rangi na lugha, lakini wengi waliketi kwenye viti vile vile kwa namna ile ile. Serikali iliona. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuundwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma ili wafanyakazi washirikishwe katika uendeshaji. Februari 1971 ukafuata Mwongozo wa TANU, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, fahari, dharau na uonevu.

Wafanyakazi waliuchukua Mwongozo kwa uzito ambao pengine hata walioutunga hawakuutarajia. Katika miaka iliyofuata kulitokea mfululizo wa migomo viwandani, na kama Profesa Issa Shivji alivyoonyesha katika maandishi yake ya miaka ya 1970, mingi kati ya migomo ya mwanzo haikudai mishahara. Ilihusu mameneja waliotukana watu, waliowadharau na kuwaonea. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam walifikia hatua ya kukitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Serikali ilivumilia kwa muda, kisha ikachoka, na wimbi hilo likazimwa.

Kwa msimamizi wa leo, funzo la miaka ile si la kisiasa. Ni kwamba watu walikuwa tayari kuhatarisha ajira zao kwa sababu ya namna walivyosemeshwa. Leo hawagomi kwa urahisi, kwani nje ya lango kuna wengi wanaoitafuta kazi hiyo hiyo. Badala yake hupunguza mwendo, huugua siku za Jumatatu, huona beringi inaungua na kukaa kimya. Mgomo wa namna hiyo hauna mabango na hauripotiwi popote, lakini kiwanda huulipia kila mwezi.

Suala la lugha huwa gumu zaidi pale msimamizi anapokuwa mdogo kwa umri. Kijana wa miaka 32 anakabidhiwa karakana yenye fundi wa miaka 55 aliyemfundisha kushika bisibisi. Asubuhi anamwamkia shikamoo. Saa nne anatakiwa kumwambia kuwa pampu aliyoifunga imerudi mara ya tatu. Wako wanaoamua kuacha kuamkia ili waonekane mabosi, na siku hiyo hiyo wanapoteza karakana nzima, si yule mzee peke yake. Wako pia wanaoona aibu kusema, wakawa wanarudia kazi ya mzee kimyakimya usiku.

Hakuna haja ya kuchagua kati ya hayo mawili. Shikamoo haimpunguzii mtu madaraka. "Mzee wangu, pampu namba mbili imerudi tena. Naomba leo tuifungue pamoja, nione inakotushinda," ni maneno yanayobeba heshima na ukali wake kwa pamoja, mradi yasemwe wakiwa wawili tu na si mbele ya vijana. Pampu imetajwa kwa namba yake, kasoro imetajwa, na mzee hakuitwa mzembe. Mara nyingi itagundulika kwamba macho yake hayaoni tena vizuri kwenye mwanga hafifu, au vipuri vilivyoletwa ni vya bandia, mambo ambayo karipio lisingeyafichua kamwe.

Kwanza ukweli, kisha uamuzi

Hilo linaturudisha kwenye kozi ya pili ya TWI, iliyohusu watu. Kiini chake kilikuwa kwamba msimamizi asichukue hatua kabla ya kukusanya ukweli wote, ikiwa ni pamoja na maelezo na hisia za mhusika. Kwa fundi aliyechelewa mara tatu wiki hii, hatua inayofaa ni tofauti kabisa kama anauguza, kama daladala za njia yake zimepunguzwa, au kama anakesha kwenye pombe. Kwa macho ya bosi mwenye hasira wote watatu wanafanana.

Kinachofurahisha ni kwamba sheria za kazi za Tanzania zinataka karibu mambo yale yale. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007 zinafafanua utaratibu huo. Mfanyakazi asiyefikia kiwango cha utendaji anatakiwa achunguzwe sababu ya kushindwa kwake, apewe maelekezo au mafunzo panapohitajika, na apewe muda wa kutosha wa kujirekebisha. Anayetuhumiwa kwa utovu wa nidhamu anatakiwa kuelezwa tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, apewe si chini ya saa 48 za kujiandaa, na asikilizwe akiwa na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake.

Wasimamizi wengi hukutana na maneno haya kwa mara ya kwanza wakiwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mfanyakazi anayedai ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri lake huko. Na kama ilivyopitishwa mwaka 2004, sheria hiyo iliweka fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12 kwa aliyeachishwa isivyo haki ambaye hakurudishwa kazini. Kwa fundi anayelipwa Sh400,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh4.8 milioni, kwa sababu ya neno "Toka, usirudi tena hapa!" lililotamkwa na mtu ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba hana mamlaka ya kulitamka. Fundi naye, hata akishinda, huwa amekaa miezi bila mshahara, ada za watoto zikimsubiri.

Zipo pia hesabu ndogo ndogo ambazo msimamizi mpya anapaswa kuzijua kama anavyojua saizi za spana. Sheria inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki na tisa kwa siku. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika kila kipindi cha wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Anayefanya kazi usiku hulipwa nyongeza ya asilimia tano ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Likizo ya mwaka ni siku 28.

Ovataimu ndiyo inayovunja karakana nyingi. Kwa kuwa inalipa zaidi, kila mtu anaitaka, na msimamizi mpya bado anakula mchana kwa mama lishe yule yule pamoja na rafiki zake wa miaka yote. Wakipata wao saa za ziada wiki mbili mfululizo, hata kama ilitokea kwa bahati tu, wengine wanaanza kuhesabu. Haikai muda, kila anachofanya kinatafsiriwa kwa hesabu hiyo.

Wapo wanaomshauri bosi mpya ahame kwa mama lishe na kula peke yake ofisini. Ushauri huo unatibu jeraha lisilokuwapo. Kinachohitajika ni ratiba ya saa za ziada iandikwe na kubandikwa mahali ambapo kila mtu anaisoma, zamu zizunguke kwa majina, na anayetaka kubadilishana na mwenzake afanye hivyo hadharani. Mezani kwa mama lishe utani uendelee. Kisichoendelea ni mazungumzo kuhusu tathmini za watu, nani atapata barua na nani atahamishwa. Rafiki wa kweli ataelewa baada ya kukasirika kidogo.

Chuo kiko wapi?

Haitakuwa haki kusema kwamba Tanzania haikujali mafunzo ya uongozi. Taasisi ya uendeshaji ya Mzumbe mkoani Morogoro ilianzishwa mwaka 1972 kwa ajili hiyo hasa na ikawa chuo kikuu mwaka 2001. ESAMI yenye makao yake Arusha imekuwapo tangu mwaka 1980 ikihudumia nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Taasisi ya UONGOZI ilianzishwa jijini Dar es Salaam mwaka 2010. Chama cha Waajiri Tanzania kina programu ya kuwaandaa wanawake kushika nafasi za juu, jambo lililochelewa.

Lakini sehemu kubwa ya mafunzo hayo humlenga meneja, mkurugenzi na ofisa. Msimamizi wa zamu mwenye cheti cha ufundi, ambaye ndiye bosi pekee ambaye mafundi wengi watamwona ana kwa ana maisha yao yote, hupata siku mbili za semina katika ukumbi wa hoteli, akarudi na begi lenye nembo na daftari. Hakuna anayemfuata karakanani kuona kama ameacha kunyang'anya spana. Ufundi wa kwanza alijifunza kwa kukaa chini ya fundi mwingine kwa miaka. Ule wa pili anatazamiwa aupate kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.

Viwanda vinavyotaka kufanya vizuri zaidi havihitaji fedha nyingi. Msimamizi mpya anaweza kupewa mlezi, meneja mzoefu wa kitengo kingine wa kukutana naye kila Ijumaa kwa nusu saa na kuzungumza kuhusu tatizo moja la wiki hiyo. Anaweza kuanza kwa kukaimu kwa miezi michache, muda huo ukachukuliwa kuwa wa kujifunza na kupimana. Kwa sasa kukaimu ni kusubiri tu. Mtu hukaimu hata mwaka bila kuelezwa anapimwa kwa lipi.

Liko pia suala ambalo waajiri wengi hawapendi kuligusa, nalo ni mshahara. Katika ngazi za mishahara za sehemu nyingi, fundi hufika mahali ambapo hawezi kuongezewa tena mpaka awe bosi. Hivyo mtu ambaye hana hamu hata kidogo ya kuongoza wenzake huomba usimamizi kwa sababu ana watoto wanne na mmoja anaingia sekondari. Kiwanda kinachoweka ngazi ya pili, ya fundi bingwa anayelipwa sawa na msimamizi ili atengeneze mitambo migumu na kuwafundisha vijana, humwacha mtu kama huyo pale anapofaa.

Na kwa yule aliyekwisha kupandishwa na kushindwa, njia ya kurudi iwepo kabla hajaihitaji. Kama barua yake ya kukaimu ilisema tangu mwanzo kwamba baada ya miezi sita pande zote mbili zitaketi na kuamua, kurudi kwenye mashine si fedheha. Isiposema hivyo, atang'ang'ania meza kwa kuogopa kuchekwa, mpaka siku atakapoacha kazi na kwenda kuanza upya, akiwa na spana mkononi, katika kiwanda cha jirani.